Viti Tisa vya Bi Nyamizi

Nchi ninayoisimulia imo ramanini, lakini sitaitaja, kwa sababu sheria yake humtaka kila anayeitaja ajaze fomu kwanza, nami fomu nimejaza za kunitosha. Itoshe kusema kwamba ilikuwa nchi yenye mapenzi makubwa kwa watoto. Ilikuwa na Siku ya Mtoto, ikaongeza Wiki ya Mtoto, kisha mwezi mzima wa kutafakari yaliyosemwa katika wiki hiyo.

Katika mwezi mmojawapo wa kutafakari, Mheshimiwa Waziri alipanda jukwaani akanena:

"Ndugu wananchi! Mtoto ni tawi. Ni mpumbavu gani amwagiliaye tawi akauacha mti? Kuanzia leo Serikali haitamtazama tena mtoto mmoja mmoja. Itaitazama familia nzima!"

Watu walipiga makofi, hasa waliokaa kivulini.

Msomaji asidhani kwamba naidhihaki hoja ile. Ilikuwa hoja njema, na mpaka leo naiamini: mtoto hawezi kupona ndani ya nyumba inayougua. Lakini katika nchi ile hoja njema ilitendewa kama mgeni mashuhuri. Ilipokewa kwa ngoma, ikavishwa shada la maua, kisha ikaachwa uwanjani bila wa kuibebea mizigo.

Idara ya Watoto ikageuzwa kuwa Wizara ya Familia Nzima. Vibao vilipakwa rangi upya kila wilaya, na kwa miezi minne hakuhudumiwa mtoto yeyote, maana haikuruhusiwa mtu kuingia ofisini rangi ikiwa mbichi.

Mimi nilikuwa Karani wa Kipimo. Nilikistahili cheo hicho, na sioni sababu ya kujifanya mnyenyekevu. Nilisoma shule ya bweni, mojawapo ya zile za zamani ambamo kengele ilitii saa na wanafunzi wakaitii kengele, na kwa miaka miwili nilikuwa kiranja. Huko tulifunzwa mambo mawili ambayo sijayaacha: kilichoandikwa kwa wino hakifutwi, na asiyeulizwa hajibu.

Kipimo chenyewe kilikuwa na maswali mia mbili na kumi na manne. Kila dhiki iliongeza alama. Kila neema ilipunguza. Kamati ya kwanza ya wataalamu iliamua kwamba familia yenye alama chini ya hamsini ni Familia Imara, nayo haihitaji msaada. Kamati ya pili iliamua kwamba yenye zaidi ya hamsini ni Familia Iliyoporomoka, nayo haisaidiki. Watoto wake waondolewe, wapelekwe vituoni. Kamati zote mbili zilipongezwa. Ilipogundulika kwamba msaada wenyewe haukuachiwa mahali pa kusimama, iliundwa kamati ya tatu. Hiyo, baada ya semina ya siku tisa kando ya ziwa, ilitambua kwamba kati ya chini ya hamsini na zaidi ya hamsini pamesalia hamsini. Basi ikaamriwa kuwa familia itakayopata hamsini kamili ndiyo Familia Inayosaidika.

Katika miaka sita ilipatikana moja. Ilialikwa kwenye maonyesho, ikapigwa picha pamoja na Waziri, na ilipopimwa tena ikakutwa na arobaini na tisa, kwa kuwa picha ya Waziri ukutani ni neema.

*

Bi Nyamizi wa Mtaa wa Kinu alikuja dirishani asubuhi ya Jumatatu akiwa na ombi moja. Alikuwa akilea wajukuu watatu: Siwema, msichana wa miaka kumi na miwili, na mapacha wa kiume wa miaka saba, Kulwa na Doto. Kulwa hakuweza kutulia. Doto hakuweza kusimama. Miguu ya Doto ilikuwa hivyo tangu kuzaliwa, na maneno yake yalitoka kwa shida, hata hakuna aliyeyaelewa ila Kulwa. Siwema ndiye aliyembeba mgongoni kwenda kliniki na kurudi. Lakini Doto alikuwa akikua, na mgongo wa Siwema ulikuwa uleule. Mwaka huo Siwema alikuwa ameacha shule.

"Naomba kigari," alisema Bi Nyamizi. "Kile cha magurudumu, cha kumkalisha mtoto. Basi. Siwema arudi darasani."

Afisa wa dirishani, Bwana Mkunde, alimtazama kwa huruma ya kikazi.

"Bibi, sisi hatupimi mtoto. Tunapima familia nzima."

"Familia haiumwi, baba. Ni miguu ya Doto."

"Miguu ya Doto imo ndani ya familia. Nyumbani mko nani na nani?"

"Mimi na hao watatu."

"Mama yao?"

"Alitutoka. Mwaka wa nne huu."

"Baba yao?"

"Alikwenda machimboni. Hajarudi, hajaleta salamu."

Bwana Mkunde aliinua kidole kwa furaha ya mtu aliyekumbuka kifungu. "Waraka Namba Saba! Siku ya kupimwa, familia nzima lazima iwepo. Asiyeweza kuwepo huwakilishwa na kiti kitupu. Kwa hiyo viti sita vya familia, na vitatu vya wapimaji. Tisa. Kikipungua kimoja, familia si nzima, na zoezi linavunjika."

"Hata marehemu ana kiti?"

"Hasa marehemu. Serikali haibagui."

Bi Nyamizi aliufunga upya mtandio wake, taratibu. "Mimi nina kigoda kimoja, baba."

"Kigoda si kiti, bibi. Waraka unasema chenye mgongo. Tutafika Alhamisi."

*

Tulifika Alhamisi, watu watatu: Daktari Lukelo Mbanga, Mpimaji Mkuu, ambaye udaktari wake ulikuwa wa kupima vipimo vingine, Bi Fausta, Afisa wa Furaha, na mimi mwenye kalamu.

Viti tisa vilikuwa vimepangwa duara uani, na hapakuwa na viwili vilivyofanana. Kimoja kilikuwa cha mninga, kingine cha plastiki ya bluu, kingine cha chuma cha kukunja kama vile vya mikutanoni. Siwema alitupigia goti, akasema, "Shikamooni," na kutupokea mikoba. Doto alikuwa amekalishwa kwenye kile cha plastiki, amefungwa kwa kanga kifuani asianguke. Juu ya viti viwili vitupu palikuwa na vipande vya karatasi kwa mwandiko wa Siwema: MAMA na BABA.

Kulwa alikizunguka kile cha mama mara mbili, kisha akamwendea Daktari Mbanga.

"Babu, naruhusiwa kukaa kwa mama kidogo?"

"Hapana," alisema Daktari. "Hapo pana mtu."

Kulwa alikubali, akakaa chini, kando ya kiti hicho, akauegemea mguu wake.

Maswali yakaanza. Daktari Mbanga aliyasoma kwa sauti ya ibada. "Je, familia hii ina desturi ya kukaa pamoja?"

"Si ndiyo hii tumekaa," alijibu Bi Nyamizi.

"Je, kuna mgawanyo wa madaraka ndani ya familia?"

"Mie napika. Siwema anabeba. Kulwa anasema. Doto anacheka."

"Na baba?"

Bi Nyamizi alikitazama kile kiti kitupu. "Baba kama unavyomwona."

Bi Fausta alimwinamia Doto, akamwuliza kwa sauti ya kuimba, "Mtoto mzuri, una furaha kiasi gani, tuseme kuanzia moja mpaka kumi?"

Doto alitoa sauti ndefu, kichwa kikimtikisika.

"Anasema kamba ya kiatu chako imefunguka," alisema Kulwa.

Bi Fausta alitazama chini. Ilikuwa imefunguka.

"Na anasema ukijikwaa ukaanguka, furaha yake itafika kumi."

Bi Fausta aliniambia niandike kumi. Niliandika.

Ilipofika saa ya chakula, Bi Nyamizi alileta kuku. Alikuwa naye mmoja tu, wa kutaga. Lakini kwao mgeni hapewi mboga za majani, na heshima haisubiri mtu apate nafasi. Kulwa alichungulia ndani ya bakuli, akauliza kwa sauti ndogo, "Bibi, sasa mayai ya Doto je?"

"Nyamaza. Wageni wanakula."

Firigisi, kama inavyofahamika, hapewi kila mtu. Bi Nyamizi alitutazama wote watatu, akampita Daktari, akampita Afisa wa Furaha, akaiweka mbele yangu.

"Wewe ndiwe unayeandika," alisema. "Kula, mwanangu."

Nilikula. Ilikuwa laini. Daktari Mbanga, akijipangusa midomo, aliniagiza chini kwa chini: "Andika: mlo wa kuku, siku ya kazi. Punguza alama nne."

Kisha ikaletwa chai. Nilipoinua kikombe changu niliona, chini ya kitako chake, herufi mbili kwa rangi nyekundu: Z.M. Cha Bi Fausta kilikuwa na nukta tatu za kijani. Niliiangusha kalamu kwa makusudi, nikainama kuiokota, nikaona chini ya kiti cha mninga jina kamili la mtu, na chini ya kile cha chuma msalaba wa rangi ya bati. Katika nchi ile, kama kwingine ninakokujua, mwenye chombo hukitia alama, ili kikiazimwa kwenye msiba au harusi kipate njia ya kurudi kwake. Basi nilikuwa nimekalia mali ya mtaa mzima. Viti vyote tisa vilikuwa vya kuazima. Meza pia, na birika, na vikombe.

Ni lazima niseme hapa jambo la shuleni kwetu. Ukaguzi wa mabweni ulikuwa Jumamosi, na kila kitanda kilitakiwa kiwe na shuka mbili. Mimi, katika mwaka wa kwanza, nilikuwa na moja. Niliazima ya pili kwa mvulana wa bweni lililokwisha kukaguliwa, nikaisahau namba yake iliyoshonwa kwa uzi mweusi pembeni, mia moja na kumi na nne. Mwalimu Mkuu alisimama mbele ya kitanda changu, akaishika ile pembe, akaisoma namba. Kisha akaikunja iingie ndani, akaandika "Safi," akapita. Hakuniuliza kitu siku ile wala siku nyingine. Tangu hapo nilijua heshima ni nini.

Kwa hiyo nilipoziona alama zile nilikunja pembe. Daktari Mbanga aliuliza, "Viti?" Nikajibu, "Tisa." Fomu haikuuliza ni vya nani, sehemu ya majirani haikuwamo, kwa sababu majirani si familia. Niliandika tisa kwa wino, nikamtazama Bi Nyamizi, naye akaniinamishia kichwa kidogo, tukawa kama watu wawili wenye siri ya kiungwana. Nilirudi ofisini nikiwa nimejaa fahari.

*

Jumla ilikuwa thelathini na nane. Barua ilisema: "Hongera. Familia yako ni Imara. Wizara inajivunia kutokusaidia."

Baada ya siku tano Bi Nyamizi alirudi, safari hii na Siwema, na Doto mgongoni mwa Siwema, na Kulwa nyuma akiushika mguu mmoja wa Doto usining'inie. Walipelekwa mbele ya Daktari Mbanga. Mimi nilikuwa pembeni na daftari langu.

"Baba," alisema bibi, "nimekuja kusema kweli. Vile viti si vyangu."

Daktari alivua miwani. "Si vyako?"

"Ni vya watu. Nilivirudisha jioni ileile. Na meza, na vyombo."

"Kwa maneno mengine, bibi, uliidanganya Serikali."

"Sikudanganya, mwanangu. Mlisema viti tisa viwepo. Vikawepo."

"Mbona hukutamka?"

"Nitamke mbele ya wageni kwamba wamekalia vya kuazima? Wewe mama yako angetamka?"

Daktari Mbanga alizoea kuuliza, si kuulizwa. Akaagiza familia ipimwe upya, palepale, kwa karatasi. Viti: havipo. Meza: haipo. Vyombo vya chai: havipo.

"Kuku?" aliuliza.

"Si mlimla?" alisema Kulwa.

"Andika, kuku hayupo. Ongeza nne." Kisha akageuza ukurasa wa mwisho, wenye makosa. "Familia kuishi kwa vitu vya kuazima na kuvionyesha kuwa vyake: ongeza kumi."

Nilijumlisha mara tatu. Sitini na nne.

"Imeporomoka," alisema Daktari kwa upole wa kweli, maana hakuwa mtu mbaya. "Pole sana, bibi. Lakini usihofu. Watoto sasa ni wetu."

Bi Nyamizi hakulia. Alinitazama mimi. "Wewe uliviona," alisema. "Uliinama ukaviona. Waambie tangu siku ile ulijua. Mwenye kuazima mbele ya macho ya karani, amemficha nani?"

Daktari Mbanga alinigeukia. "Karani, uliulizwa siku ile viti ni vya nani?"

"Sikuulizwa, Mheshimiwa."

"Basi."

Nami nikanyamaza. Asiyeulizwa hajibu.

Mchana ule, wengine walipokwenda kula, nilichukua karatasi isiyo rasmi nikafanya hesabu ambayo hakuna aliyeniagiza. Nilianza na thelathini na nane ya kwanza. Niliacha kuku palepale alipo, kwa sababu alikuwa wake na tulimla kwa haki. Nikarudisha alama tisa za viti, mbili za vyombo, moja ya meza. Kama Alhamisi ile ningefungua kinywa nikasema nilichokiona, familia ya Bi Nyamizi ingepata hamsini kamili.

Nilijumlisha tena. Ikawa hamsini. Mwalimu Mkuu alinyamaza kwa kuwa kunyamaza kwake kuliniacha na shuka mbili. Mimi nilikuwa nimenakili kimya chake, nikaliacha kusudi lake shuleni.

Nilikwenda kwa Daktari Mbanga na ile karatasi. Aliisoma yote, akanirudishia kwa heshima.

"Hesabu nzuri," alisema. "Lakini ile ya kwanza iliandikwa kwa wino, na ya pili imeandikwa kwa wino. Hii ni ya penseli."

*

Siwema alipelekwa Kituo cha Magharibi, cha wasichana. Kulwa alipelekwa Kituo cha Kaskazini, cha watoto wanaotembea. Doto alipelekwa Kituo cha Kusini, cha wasiotembea. Waziri alitaja jambo hilo bungeni kama mfano wa huduma inayomfikia kila mmoja kwa hali yake. Kutoka kituo cha Kulwa hadi kituo cha Doto ni safari ya siku mbili.

Baada ya mwezi mmoja taarifa za vituo zilinifikia mezani. Ya Magharibi ilisema Siwema ameanza shule, ila huinama atembeapo, kama aliyebeba kitu. Ya Kaskazini ilisema Kulwa ana tabia ya kusema peke yake. Ya Kusini ilikuwa fupi: "Doto hasemi lolote. Hana malalamiko."

Siku ya arobaini kigari kilifika.

Idara ya Bohari haikuwa na mazoea ya kusoma taarifa za Idara ya Kipimo, na ombi la Bi Nyamizi lilikuwa limekwisha kuingia kwenye foleni yake. Kilikuwa kigari kizuri, chekundu, kidogo, chenye mikanda ya kifuani. Nilikimbilia kwa Daktari Mbanga nikamwomba kipelekwe Kusini.

"Karani," alisema, "ombi limesajiliwa kwa jina la familia. Kigari hiki ni cha familia nzima. Tukianza kumfuata mtoto mmoja mmoja, tutakuwa tumerudi kwenye makosa ya zamani."

Nikakipeleka mwenyewe Mtaa wa Kinu, mkononi nikiwa na hati ya kupokelea. Majirani walitoka milangoni wakakitazama kikipita kitupu. Bi Nyamizi alinipa kigoda chake nikakikalia, naye akasimama. Aliweka alama ya kidole gumba kwenye hati. Akakizunguka kigari, akajaribu mikanda, akakisukuma hatua mbili mbele na mbili nyuma. Magurudumu hayakulia.

"Kinamtosha," alisema.

Akaingia ndani, akatoka na kopo dogo la rangi nyeupe na unyoya mrefu wa kuku.

"Kopo ni la jirani," alisema. "Unyoya ni wangu. Mwandiko wako ni mzuri, mwanangu, nilikuona ukiandika. Kigeuze, uniandikie chini yake."

"Niandike nini, bibi?"

"Jina la mwenyewe. Si unajua? Kitu chenye jina kina njia ya kurudi."

Nilitaka kumweleza kwamba alama hukirudisha chombo kwa mwenyewe, haimrudishi mwenyewe kwenye chombo. Kwa mara ya kwanza niliona kuwa si kila jambo nilijualo linahitaji kuulizwa ndipo lisemwe, wala si kila jambo ni la kusemwa. Nilipiga magoti mavumbini, nikachovya unyoya, nikaandika kwa herufi kubwa: DOTO.

"Nisomee."

"Doto."

"Ongeza Kulwa."

"Bibi, Kulwa anatembea."

"Ongeza. Na Siwema. Wasije wakamrudisha mmoja."

Nafasi ilikuwa ndogo, lakini majina yote matatu yalienea. Nilipomaliza nilibaki nimeinama kwa muda, nikijifanya nakausha rangi kwa pumzi. Sikuweza kuinua uso, kwa sababu bibi yule alikuwa bado anauamini mwandiko wangu.